Presha Imempiga

Yule Mtumbatu niliyekuwa nikifanya naye kazi Mlandege hajui kusema uongo, na ndiyo maana nusura anivunjie ndoa. Mtu mwongo ukimpa habari aipeleke ataipamba, ataizungusha, mwisho msikilizaji ataitilia shaka. Yeye aliitoa kavu kama ilivyo, kwa maneno machache, akakata simu akarudi kazini.

Tulikuwa mafundi wawili katika karakana ya friji na AC. Yeye kwao Tumbatu, ndiyo sote tukamwita hivyo, na siku akiwa na mengi ya kusema atakwambia "naam" mara mbili. Mimi mtu wa mjini, nimelelewa na shangazi yangu ghorofani, Mji Mkongwe, na mdomo wangu tangu udogo haujui kupumzika. Tulipatana vizuri sana. Mimi nilisema, yeye alifanya kazi.

Katikati ya karakana palikaa mashine ya upepo. Ni tangi la chuma lililolala ubavu, mgongoni limebeba mota ya kulijaza hewa, na juu yake geji, ile saa ndogo yenye mshale unaoonesha hewa imefika wapi. Pembeni mpira mrefu wenye pua ya shaba. Hoteli za Uroa zilikuwa zikituletea AC zao zimeshiba chumvi na mchanga, na kitu kile hakitoki kwa kitambaa, lazima kipulizwe. Sasa sisi mafundi kilichomo ndani ya tangi hatukiiti hewa wala upepo. Twakiita presha. "Presha imejaa?" "Bado." "Haya, toa presha." Ndiyo maneno yetu kutwa nzima, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba ukivuka tu kizingiti cha karakana neno hilo lina wenyewe.

Wenyewe nilikwenda kuwakuta Chwaka. Nilikuwa nimempenda binti mmoja wa huko, mwalimu wa skuli ya maandalizi, mcheshi, mkali kidogo, na nilishaamua kwamba nisipomuoa huyu basi tena. Shangazi akafunga safari kupeleka posa. Mama wa binti, mjane, mkulima wa mwani, akampokea kwa heshima, akamwandalia, akasikiliza sifa zangu zote bila kutia neno. Hakuuliza kazi yangu, wala nyumba, wala kama nasali. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwao wana presha?"

Mumewe alikuwa na presha. Iliwahi kumpiga akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikafa, akalala kitandani miaka. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko, akimsafisha, mpaka Mungu alipomchukua. Akamwambia shangazi yangu, "Mie nshayabeba hayo. Mwanangu sitaki ayabebe. Mtu wa presha simpi." Shangazi akala yamini kwamba katika ukoo wetu presha hatuijui hata kwa jina. Posa ikapokewa, tukawa tunangoja mwezi wa ndoa tu.

Mashine za upepo huwa na kidude cha kupumulia. Presha ikizidi kipimo, kinafunguka chenyewe, kinapiga pshh, kinafunga. Jirani yetu alikuwa akiuza udi na marashi, akalalamika kwamba kila kikipiga, wateja wake wanaruka na chupa mkononi. Tajiri wetu, mwenye karakana, alipenda ujirani mwema kuliko roho za mafundi wake. Akachukua spana akakikaza mpaka kikanyamaza. Nikamwambia, "Tajiri, hicho ndicho kinachotulinda." Akanijibu nisimletee fitina na watu. Hasira zake ninazo mpaka leo, na ninapopita karakanani kwake namsalimia kwa nusu ya sauti.

Basi presha ikakosa pa kupumulia, ikawa inajitafutia njia, ikaniona mie. Asubuhi moja nimeinama napuliza AC ya hoteli, nazungumza, kama kawaida yangu, namwelezea Mtumbatu nitakavyovaa siku ya ndoa. Klipu iliyobana mpira ikakatika. Mpira ukachomoka kwenye tangi, ukajipinda hewani, ule upande wenye pua ya shaba ukanipiga tayani. Sikusikia hata maumivu. Nilisikia tu kwamba sentensi niliyoianza haimaliziki.

Taya lilikuwa limeteguka, uso umevimba upande mmoja, mdomo umekwenda sikioni. Mtumbatu akazima mashine, akanifunga kitambaa, akanipeleka hospitali. Kule wakamuuliza mgonjwa ana nini. Akasema, "Presha." Wakatuelekeza kwenye benchi la wazee wa presha, tukangoja zamu yetu baina ya mabibi wawili wenye mikoba, wakinipa pole na kunieleza chumvi ilivyo mbaya. Nami siwezi kusema kitu. Mpaka akapita daktari mmoja akauliza kulikoni mgonjwa wa presha avuje damu mdomoni. Ndipo nikachukuliwa ndani, nikarudishwa taya, nikafungwa bendeji kutoka kidevuni mpaka utosini, na amri kwamba nisiufungue mdomo mpaka niambiwe.

Nakuombeni mfikirie bendeji ile. Kwetu mtu anayefungwa taya namna hiyo, kutoka kidevuni mpaka utosini, ni mmoja tu, naye huwa keshakufa. Shangazi alipoletewa habari akaja mbio, akanikuta nimelazwa chali, nimefumba macho, nimefungwa vile. Akakaa chini sakafuni pale pale mlangoni. Akaanza kusoma yanayosomwa. Nikafumbua jicho moja, naye alipoliona akanitukana matusi ambayo sijayasikia kwake kabla wala baada, kisha akalia.

Wakati huo Mtumbatu, kwa wema wake, alikuwa nje akimpigia simu mchumba wangu. Aliona ni haki ya yule binti kujua. Namjua, alisimama wima, akakohoa kidogo. Akasema, "Assalaam alaykum. Mchumba wako presha imempiga. Mdomo umekwenda upande. Kusema hawezi. Lakini hajafa." Akakata simu.

Kila neno ni kweli. Mimi mwenyewe nimelichambua mara nyingi usiku na mchana, sioni pa kumshika.

Binti alipopokea simu hiyo alikuwa kwao, na mama yake yupo ubavuni anachagua mchele. Sauti ya Mtumbatu ni nzito, simu ile ilisikika chumba kizima. Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Jioni akamwambia binti yake kwa upole kwamba yule kijana ni mgonjwa, tumuombee dua, lakini ndoa haipo.

Binti akaniandikia kwenye simu. Nikamjibu upesi: "Mimi sina presha. Ni presha ya mashine." Akamsomea mama yake. Mama akasema, "Marehemu naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Mimi sina presha, mimi sina presha. Wote husema hivyo."

Nikaandika kwamba nimepigwa na mpira. Mama akauliza nilikuwa nacheza mpira na umri ule, hali nna presha? Binti akanishauri nimtumie picha, mama aone kuwa ni jeraha. Nikajipiga picha. Sasa jaribu wewe kujipiga picha ukiwa na taya lililofungwa, uso nusu umevimba, jicho moja limesinyaa. Mama aliitazama kwa muda, akamrudishia binti simu, akasema, "Ndivyo alivyoanza." Tukabaki na jambo moja tu, kumtumia ujumbe wa sauti. Daktari alishanikataza, lakini nilikuwa nampoteza mke, nikalegeza bendeji nikasema kwa uangalifu wote niliokuwa nao: mama, shikamoo, mimi mzima, sina maradhi yoyote. Shangazi aliyekuwa chumbani akaniuliza mbona nalia. Nilikuwa silii, ndiyo ilivyotoka. Huko Chwaka mama aliisikiliza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akanipa radhi zake, akaomba asitumiwe nyingine.

Nyumbani nako habari ilishatangulia. Watu wa mtaa wakaja kunitazama na dawa zao: kitunguu thomu cha kutafuna, nami siwezi kutafuna, majani ya mstafeli, habbat soda, mafuta ya kuchulia upande uliokufa. Nilikuwa nikiwatikisia kichwa kwamba hakuna upande uliokufa, wakaambiana kwamba maskini, kichwa nacho kinamtikisika. Uji wangu ulitiliwa kila kitu isipokuwa chumvi. Nilikasirika nikapiga meza. Wakasema mgonjwa wa presha asikasirishwe, wakatoka kwa kunyata. Katika maisha yangu yote sijawahi kuhitaji mdomo kama siku zile, na ndizo siku pekee sikuwa nao.

Shangazi ndiye aliyegoma. Aliona kiapo chake kinachezewa. Akampigia mama wa binti, wakazungumza kwa adabu zote, kila mmoja akimwita mwenzake Bi, mpaka wakakubaliana: mama atakuja mjini, nitapimwa mbele yake. Presha ikiwa sawa, ndoa iendelee. Ikiwa juu, kila mtu ashike njia yake na tubaki jamaa.

Wakaja siku ya pili yake, mama na binti yake. Mama ni mwanamke mwembamba, mikono imekakamaa kwa kamba za mwani, mtu wa kutazama chini. Nilimwamkia kwa kuinama, kwa vile mdomo bado umefungwa, akanijibu marahaba mwanangu kwa huruma iliyonichoma. Binti alikaa mkabala nami. Hakunicheka, na namjua, kujizuia kule kulimgharimu.

Shangazi alimwita nesi mmoja mstaafu, jirani wa chini, mwenye kipimo chake mwenyewe, kile cha mkono. Nilikuwa sina wasiwasi wowote. Kijana mzima, damu yangu naijua. Nikakunja mkono wa kanzu, nikatoa mkono, nikamkonyeza mchumba kwa jicho zima.

Nesi akanivisha mkanda. Kutoka kwenye mkanda ukatoka mpira mweusi, ukanipitia gotini. Mwisho wa mpira ule, geji. Ndogo, lakini geji ile ile, mshale ule ule. Akaanza kuminya kile kipira chake, fu, fu, fu, na mshale ukaanza kupanda. Nikaona mpira unakaza. Nikatafuta klipu kwa macho, hamna klipu. Nikatafuta kidude cha kupumulia, hamna. Jasho likaanza kunitoka kwenye bendeji. Mkanda ukabana, mshale unapanda tu, na huyu bibi anaminya kwa raha zake huku anaangalia dirishani. Moyo wangu ulikuwa unapiga nikausikia menoni. Kisha akalegeza, na kile kitu kikapiga psss.

Nasikitika kusema nilikwenda chini. Nilijitupa nyuma ya kochi la shangazi, mkanda mkononi, geji inaning'inia, nimeziba taya kwa mikono miwili.

Wakanitoa. Nesi akanipima tena, nimeshikwa na shangazi bega moja, na binti bega la pili. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema, "Presha yake iko juu. Iko juu sana."

Shangazi aliangalia mazulia. Mama akainuka taratibu, akatengeneza buibui lake, akasema, "Haya, Bi. Riziki hugawa Mungu." Binti hakuinuka. Alikuwa ananitazama mimi, na sasa kile kicheko alichokuwa akikizuia hakikuwapo. Nikaona machozi yanamlenga, na nikajua kwamba basi, nimempoteza, na kilichoniponza ni kipira cha kuminya cha bibi mstaafu. Nilitaka kusema. Bendeji ikanikatalia.

Shangazi akasimama mlangoni, akauziba. Ni mtu wa mwili. "Bi, hukatazwi kwenda. Lakini gari zenu si mnapandia Darajani? Pita Mlandege, ni njia moja. Ukaione kwa macho yako hiyo presha iliyompiga. Baada ya hapo nenda na amani."

Tukashuka sote, na nesi naye, hakuwa na sababu ya kuja ila hakutaka kupitwa. Tulipita vichochoroni mstari mmoja, mimi na bendeji yangu mwisho, na watu vibarazani wakiniombea shifaa.

Mtumbatu alikuwa peke yake karakana, mashine inanguruma. Shangazi akamwambia amuoneshe Bi presha. Hakuuliza kwa nini. Akazima mota, akaonesha tangi kwa kidole, akaonesha mpira, akaonesha taya langu. Ndiyo maelezo yote.

Mama akasogea. Akalizunguka tangi, akaiona geji, akasimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alinyanyua uso sawasawa. "Hii ni saa ya presha," akasema. "Naijua. Ilikuwa ikiletwa kitandani kwa marehemu kila wiki." Akainama kuutazama mshale. "Iko juu."

"Naam," akasema Mtumbatu.

"Na humu ndani, ndimo ilimo?"

"Naam."

Akaliwekea tangi kiganja, kama unavyomshika mtu mwenye homa. Tangi lilikuwa la moto. "Inatokaje?"

Mtumbatu akachuchumaa akamwonesha kifereji, koki ndogo iliyo chini ya tumbo la tangi. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. "Hewa ya kwetu ina maji, Bi. Ikishindiliwa humu, maji yanakaa chini. Lazima kila jioni utoe presha, na maji yatoke. Usipotoa, chuma kinaliwa kwa ndani. Nje huoni kitu. Siku moja linapasuka."

"Nje huoni kitu," mama akarudia.

Akapiga magoti kwenye sakafu yetu yenye mafuta, na buibui lake safi. Binti akataka kumzuia, akamsukuma mkono. Akakishika kile kifereji kwa vidole vyake vya kufungia mwani, akakizungusha. Yakatoka maji kwanza, ya kutu, mekundu, yakamrukia. Mimi nilishajibanza nyuma ya friji. Kisha ikatoka hewa, kwa kelele, na muuza udi kule jirani tukamsikia anaangusha kitu. Mama hakujiondoa. Alishikilia kifereji huku kanyanyua uso, macho kwenye mshale, na mshale ukawa unashuka, unashuka, kelele inapungua, mpaka ukalala kwenye sifuri na karakana nzima ikawa kimya.

Aliendelea kukaa pale chini, mkono umelowa maji ya kutu. Akasema, bila kumwambia mtu, "Kumbe inatoka." Kisha, "Angalikuwa na kifereji, ningalimtolea kila siku. Nisingalichoka."

Shangazi, ambaye hakosi neno, alimpa mkono kumwinua. Nesi akafungua mkoba, akasema kwa sauti ndogo kwamba kipimo anacho, kama wataka nipimwe tena sasa hivi.

"Wacha," mama akasema. "Nshaiona ilipo."

Akaja nyuma ya friji nilikokuwa. Akanitazama usoni kwa makini, upande wenye uvimbe na upande usio na uvimbe, akanambia, "Mwanangu, presha yako mkononi mwako. Kila jioni kabla hujafunga, uitoe. Mie nitakuuliza." Nikaitikia kwa kichwa, na binti akaanza kucheka, alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikicheka ndani ya bendeji kwa maumivu makali.

Tulioana mwezi ule ule uliopangwa. Shangazi alimtembelea tajiri wetu, sikuwapo, lakini kile kidude cha kupumulia kilifunguliwa siku hiyo hiyo na wateja wa marashi wamekuwa wakiruka tangu hapo. Mtumbatu alihudhuria harusi, akaombwa aseme neno, akasema, "Hajafa."

Sasa nina karakana yangu na mashine yangu. Mkwe wangu hunipigia kila jioni, nami naacha nilichoshika. "Ushatoa?" ananiuliza. "Nshatoa, mama." Nikiwa sijatoa, namwambia angoje, naweka simu juu ya benchi, natoa, anasikia mwenyewe.

Idi iliyopita simu ikalia wakati ule ule, tumekaa na mke wangu tunakula. "Ushatoa?"

"Leo sikukuu, mama. Karakana nimefunga. Mashine haijawashwa."

"Lakini haimo?"

Mke wangu aliacha kula, akanitazama.

"Haimo, mama. Nilitoa yote."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata simu.